Kinanda Kisicho na Ngoma Ndani

Kinanda chetu cha kanisani kilinyamaza katikati ya wimbo wa matoleo. Hakikupiga kelele wala kutoa moshi. Taa yake ndogo ilizimika, mdundo ukakatika, na kwaya ikabaki ikiimba peke yake huku vidole vyangu vikiendelea kubonyeza vitufe visivyojibu. Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Akaja, akagusa waya mmoja baada ya mwingine, akajaribu soketi nyingine, kisha akanitikisia kichwa taratibu. Tulimaliza ibada kwa sauti tupu.

Sisi ni kanisa dogo la Warundi na Wakongo, upande wa kusini wa mji wa Louisville, Amerika, mtaa wa Iroquois. Jengo si letu. Wamarekani wenye jengo husali asubuhi, nasi tunaingia mchana wanapoondoka. Wengi wetu tulikulia katika kambi za wakimbizi Tanzania, na wengi sasa tunafanya kazi za maghala, viwanda, au za kuhudumia wazee. Mimi nahudumia wazee. Mume wangu anapakia vifurushi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Jumapili, mimi hupiga kinanda, yeye hukibeba kutoka kwenye gari, hukifunga, na baada ya ibada hukirudisha.

Kile kilichokufa tulipewa na familia iliyokuwa inahamia jimbo jingine. Kilikuwa cha plastiki, chepesi, kina spika zake, na sauti nyingi sana ambazo sikuwahi kuzimaliza: filimbi, mawimbi ya bahari, hata mbwa akibweka. Kilikuwa pia na midundo tayari. Ulibonyeza batani moja, ngoma zikaanza, gitaa la besi likafuata, nawe ukaongeza vidole vyako juu yake. Kwa miaka yote niliyokipiga nilitumia midundo mitatu au minne tu, lakini hiyo michache ndiyo iliyokuwa ikiibeba kwaya.

Wazee wa kanisa walikutana wiki hiyo. Kiongozi wao aliniambia, "Mama, wewe ndiye unayejua. Nenda na mume wako mkatafute kingine. Watu watachanga."

Mtunza hazina, mtu mwangalifu anayefanya kazi katika kiwanda cha nyama, akaongeza, "Ila mtuletee chenye vitu vingi. Watu wakitoa pesa yao, waione."

Niliona amesema vizuri. Mimi pia nilitaka chenye vitu vingi.

Duka la vyombo vya muziki tulilokwenda lina ukuta mzima wa vinanda. Muuzaji alikuwa mama Mmarekani mweusi mwenye mvi fupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alituambia kwamba yeye mwenyewe hupiga ogani kanisani kwao tangu akiwa msichana. Nilitegemea aniulize tuna pesa kiasi gani. Badala yake aliniuliza, "Unapiga wapi, na nani anakubebea?"

Nilicheka, nikamwonyesha mume wangu.

"Basi twende wote wawili," akasema.

Alitupeleka kwenye vinanda vitatu vilivyopangwa pamoja, vya mtengenezaji mmoja, vyenye rangi moja na maandishi ya namna moja. Kwa mbali ungedhani ni kimoja. "Hawa ni ndugu," alisema. "Wametoka tumbo moja, ila kila mmoja ametengenezwa kwa ajili ya mtu wake."

Wa kwanza alifanana na kile chetu kilichokufa, ila kipya. Kilikuwa chepesi, kina spika, kina midundo na sauti nyingi. Hiki, alisema, kimetengenezwa kwa mtu wa nyumbani ambaye anataka afungue sanduku na kufurahi siku hiyo hiyo. Ndicho kilichokuwa na bei ndogo kuliko vyote. Wa tatu alikuwa mkubwa, ana skrini pana katikati, batani safu kwa safu, sehemu ya kurekodi, sehemu ya kuchanganya sauti. Huyo ni wa mtu anayefanya kazi ya bendi nzima peke yake, na bei yake ilimfanya mume wangu arudi nyuma hatua moja.

Wa katikati ndiye aliyenishangaza. Hakikuwa na spika. Hakikuwa na midundo. Kilikuwa na batani chache zenye nafasi katikati yake, na sauti ambazo ungeweza kuzitaja bila kuvuta pumzi: piano za aina kadhaa, ogani, nyuzi za fidla, na nyingine chache. Na bado bei yake ilikuwa juu kabisa ya kile cha kwanza.

"Sielewi," nilimwambia. "Hiki kina vitu vichache na ni ghali zaidi?"

Hakunicheka. Alivuta kiti akaketi. Alinieleza kwamba watengenezaji hukaa wakafikiri sana nini waweke wapi. Sauti ile ile nzuri ya piano iliyomo ndani ya kikubwa wameiweka pia ndani ya cha katikati, bali wamefunga milango mingine, ili anayeihitaji milango hiyo anunue kikubwa. Kwenye kidogo wamepunguza pale ambapo mtu hapaoni, yaani kwenye vitufe vyenyewe, wakaongeza pale anapopaona, yaani kwenye idadi ya sauti iliyoandikwa kwenye sanduku. Halafu akanionyesha kinanda kingine kando, cha mtengenezaji tofauti kabisa, chenye batani chache kuliko vyote. Mtengenezaji huyo, alisema, ameondoa kila kitu ambacho mpigaji atakitafuta gizani na kukosea, na kwa sababu hiyo anauza ghali kuliko hawa wote. Kila batani ina kazi moja, na mkono unaijua bila macho.

"Lakini maneno hayasaidii," akasema. "Weka mikono."

Niliketi kwenye cha katikati. Vitufe vilikuwa vizito. Nilibonyeza taratibu, sauti ikatoka kama mtu anayeongea karibu na sikio. Nilibonyeza kwa nguvu, ikajaa duka. Kwenye kile cha zamani, ukigusa au ukipiga ngumi, ilitoka sauti ile ile. Nilianza wimbo mmoja wa kwaya yetu nikikusudia kujaribu mistari miwili, nikajikuta nimeumaliza wote. Yule mama alikuwa amefumba macho.

Simu ya mume wangu ikalia. Aliyepiga alikuwa mtunza hazina. Mume wangu akanipa.

"Mmepata?"

"Tunaangalia. Kipo kimoja kizuri sana."

"Kina midundo mingapi?"

"Hakina."

"Spika zake kubwa?"

"Hazimo."

"Na bei yake ni chini ya vile vilivyo navyo?"

"Iko juu."

"Mama," alisema kwa upole, "rudini nyumbani kwanza tuongee."

Tulirudi bila kitu. Yule muuzaji hakukasirika. Aliniambia nije kupiga siku yoyote nitakayotaka, hata kama sinunui, na sikudhani alimaanisha. Lakini alimaanisha. Wiki hizo, nikitoka kazini mapema, nilipita pale nikiwa bado na sare yangu ya kazi, naye alinisogezea kiti na kuendelea na wateja wake. Nilikuwa napiga kidogo, naangalia kile kikubwa, narudi kwa cha katikati. Mpaka leo nikimkumbuka, namshukuru Mungu kwa mtu anayeacha mgeni aguse bidhaa yake bila kumharakisha.

Wakati huo tulikuwa tumealikwa Buffalo, mji wa mbali upande wa kaskazini. Mwalimu wetu wa kwaya wa zamani, aliyetufundisha kambini, alikuwa amefanyiwa upasuaji mkubwa na kupona, na binti yake aliandaa ibada ya shukrani. Mwalimu huyo ndiye aliyenifundisha kinanda. Alikuwa nacho kimoja kilichokula umeme wa betri ya gari, na alituchagua wanafunzi wachache kwa kuangalia nani anaimba bila kukimbilia mbele. Singeweza kukosa shukrani yake.

Tuliondoka na gari letu siku ya Ijumaa, tukapitia mji wa Columbus kumchukua dada yangu na mume wake. Shemeji yangu ni Mkongo wa Kivu, hodari wa kupiga kinanda kuliko mimi, na anacho kile kikubwa chenye skrini, yule ndugu wa tatu. Kabla hatujanywa hata chai, alikuwa amekwisha kukiwasha sebuleni.

"Bon, angalia, shemeji," alisema kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani. "Guitare iko ndani. Basse iko ndani. Trompette iko ndani. Donc mimi peke yangu niko orchestre muzima."

Alipiga. Sitadanganya, ilipendeza. Magitaa yaliruka juu kama wanavyopiga kwao, tarumbeta zikaitikia, na dada yangu akaanza kucheza na sahani mkononi. Nilimwomba abadilishe sauti ghafla katikati ya wimbo. Aligusa skrini, ikafunguka ukurasa mwingine, akagusa tena, na wimbo ukampita.

"Hapana, haifanyake vile," akasema akitabasamu. "Natengenezaka yote hapa nyumbani, wiki muzima. Siku ya dimanche, kule kanisani, nakanyaga pedali tu, yote inafuatana. Kule kwetu hatuna guitariste, hatuna bassiste. Kama hii kinanda haina vitu mingi, mimi nitafanya nini? Sasa wewe, kule Louisville, uko na nani?"

"Nina kwaya," nilisema.

"Kwaya ya watu?"

"Ya watu."

"Eh. Basi uko na mali."

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kochi akinywa chai.

Njia ya Buffalo ni ndefu, na upepo kutoka ziwa kubwa lililo kando ya njia ulitusukuma gari huku na huku. Mwalimu anaishi na binti yake mtaa wa East Side, kwenye nyumba ya mbao yenye baraza mbele. Alitupokea akiwa amevaa koti zito ndani ya nyumba, amekonda, lakini sauti yake ilikuwa ile ile. Mimi alinikumbatia. Alipofika kwa mume wangu, alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaangalia viganja.

"Mikono imekuwa laini," alisema. "Ngoma yako iko wapi?"

Niseme hapa kwamba kambini mume wangu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya. Tulijuana hivyo, mimi kwenye kinanda cha betri, yeye upande wangu wa kushoto. Tulipofika Amerika hatukuja na ngoma, halafu tukapewa kinanda chenye midundo, na jambo hilo likajipanga lenyewe.

"Siku hizi mdundo unatoka ndani ya kinanda, mwalimu," mume wangu alijibu.

"Na wewe unafanya nini?"

"Nabeba kinanda."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayeulizwa anafanya kazi gani. Tulicheka sote, na mwalimu akacheka pia. Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia ashuke kwenye chumba cha chini ya nyumba alete ngoma aliyopewa na jirani.

Ilikuwa ngoma ndefu, ngozi yake imelegea kidogo. Mume wangu aliisogeza karibu na hita ya ukutani ikaze, akakaa akiigusa kwa vidole huku watu wakizungumza mambo mengine. Nilimwona hasikilizi mazungumzo. Alipoanza kuipiga, mwanzo alikosea, akasimama, akaanza tena. Mara ya pili mabega yake yalishuka, na nilijua amefika pale alipokuwa zamani.

Kesho yake tulikwenda kanisani. Pale palikuwa na piano ya kale ya mbao, na niliombwa niipige. Kwaya ilikuwa sisi watu wa kambi, wachache, wengine waliotoka Lackawanna, mji wa jirani, wengine wa hapo hapo mjini. Mwalimu alitaka aanzishe mwenyewe wimbo wa shukrani. Alisimama akishika kiti, akavuta pumzi, na pumzi haikutosha. Ubeti wa kwanza ulichelewa kuanza. Mashine ingekuwa imekwisha kutuacha. Lakini ngoma ilimngoja. Mume wangu aliishusha ikawa ndogo sana, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa, mpaka mwalimu akapata pumzi, ndipo akaipandisha chini yake na kumwinua. Akina mama wazee waliokuwa mstari wa mbele nao walipata mahali pa kupumua. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko tulivyozoea kuuimba, na hakuna aliyetaka uishe.

Mwalimu alipoketi, machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

Tulirudi, tukawashusha dada na shemeji Columbus, tukabaki wawili barabarani. Nilikuwa nawaza tangu Buffalo, na mwishowe niliuliza.

"Kwa nini hukuwahi kusema kwamba unataka kupiga?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Ningesema nini? Kwaya ilikuwa inaimba vizuri."

"Lakini ulikuwa unaketi nyuma kule peke yako."

"Nilikuwa nakusikia vizuri nikiwa kule," alisema. "Ile sehemu ya miksa, hakuna mtu anayekusikia vizuri kuliko aliyekaa pale."

Nilimwekea mkono begani, tukaenda hivyo kipande kirefu. Kisha nilimuuliza tununue kinanda gani.

"Cha katikati," alisema. "Ni kizito, lakini nitakibeba."

Wazee ilibidi tuwaeleze vizuri. Sikuweza kuwaeleza kwa maneno, kwa hiyo niliwaomba waje dukani. Walikuja Jumamosi, kiongozi na mtunza hazina, wamevaa makoti ya kwenda kanisani. Yule muuzaji aliwaonyesha ndugu watatu kama alivyotuonyesha sisi, nami nikatafsiri. Kuhusu spika, mume wangu aliwakumbusha kwamba jengo tunamosali tayari lina spika kubwa ukutani, na kwamba vile vispika vya kinanda cha zamani vilikuwa havisikiki zaidi ya benchi la tatu. Kuhusu midundo, alisema tu, "Ngoma nitapiga mimi."

Kiongozi alimtazama kwa muda. Naye alikuwa kambini. "Ni kweli," alisema. "Wewe ulikuwa mpiga ngoma."

Mtunza hazina bado alitaka kujua watu watalipia kitu gani hasa, kwa kuwa macho yake hayakioni. Muuzaji alimwomba aweke kidole. Alikiweka kwenye kitufe kimoja, akabonyeza kwa nguvu, kisha taratibu, kisha taratibu zaidi, ameinamisha kichwa, akirudia mpaka nikadhani amesahau kwamba tupo.

"Kumbe kinasikia," alisema.

Tulikinunua kile kile kilichokuwa kimewekwa dukani kwa maonyesho, na muuzaji akatupunguzia kwa sababu hiyo. Nadhani alitupunguzia na kwa sababu nyingine ambayo hakuitaja. Alikifunga mwenyewe, akaongeza pedali, akakataa tuilipie.

Si kila mtu alifurahi. Vijana waliukosa ule mdundo wa mashine, na binti yangu aliniambia kwa Kiingereza kwamba sasa tunaimba kama watu wa zamani. Nilimjibu kwamba ni kweli. Shemeji akija kutoka Columbus huleta kikubwa chake, vijana hukizunguka, na siku hiyo kanisa huwa na magitaa na tarumbeta, nasi sote tunacheza. Sioni ubaya. Kinanda chake kinamfaa yeye.

Ngoma mume wangu aliitengeneza mwenyewe. Ngozi aliipata kwenye shamba moja nje ya mji, siku mbuzi walipochinjwa kwa ajili ya harusi, akaikausha kwenye uzio wa nyuma ya nyumba, na jirani yetu Mmarekani akauliza kwa adabu ile ni nini. Alipoelezwa alileta nyundo na misumari.

Siku hizi napiga nikiwa nimeinua kichwa. Hakuna skrini ya kutazama wala mdundo wa kuukimbiza, kwa hiyo naona nyuso za waimbaji, naona nani amechoka, nani amepata habari mbaya kutoka nyumbani, na mkono wangu unapunguza wenyewe. Nilikuwa sijui kwamba hayo yanaonekana kutoka pale ninapoketi.

Jumapili iliyopita mume wangu aliitwa kazini. Nilidhani tutaimba bila ngoma. Tulipoanza wimbo wa kwanza, mama mmoja wa sauti ya kwanza, anayefanya kazi ya usafi hotelini na ambaye sijawahi kumsikia akiomba chochote, alitoka kwenye mstari, akaivuta ngoma mbele yake na kuanza kuipiga. Alikwenda haraka kidogo. Tulimfuata.